Mfano wa Jahazi: Gogo Moja au Mbao na Mataruma?

Anayetaka kuunda mfano wa jahazi hapa Unguja ana njia mbili: kuchonga mwili wake kutoka kwenye gogo moja, kama mafundi wa Nungwi wanavyochonga ngalawa kwa mti wa mwembe, au kuusimamisha juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), fashini (nguzo za mbele na nyuma) na mataruma (mbavu zake), kisha kuuvika mbao moja baada ya nyingine.

Gogo linahitaji tezo ndogo, patasi na msasa, na mwembe huchongeka kwa urahisi. Lakini usipokauka barabara hupasuka baada ya kazi kumalizika, jambo linalouma sana.

Njia ya mataruma ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, jahazi la mita 15 huwa sentimita 30 tu, na ubao wenye unene wa sentimita 4 hupungua hadi milimita 0.8. Ubao mwembamba kiasi hicho hupindika vizuri ukirowekwa katika maji ya moto, ila ni lazima ubanwe mpaka ukauke, na matundu ya vijiti vya kuushikizia yatobolewe kwanza kwa keekee nyembamba, kwani msumari huupasua. Taabu hiyo hulipwa pale mistari ya mbao inapoonekana kama ilivyo katika jahazi lenyewe.

Katika mlingoti na kamba njia hizi mbili hazina tofauti: mlingoti ulioinamia omo, yaani mbele ya chombo, foromali ndefu, yaani mti unaobeba tanga, henza, kamba ya kuipandishia, na demani, kamba ya kulishika tanga. Uzi wa pamba uliopakwa nta hufaa kuliko wa nailoni, ambao hung'aa na kuharibu sura.