Zege la kumwagwa au la kushindiliwa: lipi lifae bwawa?

Wahandisi wa Nairobi hubishana hili kila bwawa jipya likitajwa, na mifano haiko mbali. Bwawa la Turkwel nchini Kenya, ukuta uliopinda kama tao wenye kimo cha mita 153, ni zege la kumwagwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji ni la kushindiliwa kwa rola.

Kwa kasi, la kushindiliwa halina mpinzani. Zege kavukavu hutandazwa na tingatinga kwa tabaka za sentimita 30, kisha rola ya kutetemesha hupita mara kadhaa. La kumwagwa hupanda kwa vipande vya mita moja na nusu au zaidi, na kila kimoja hungoja siku kadhaa kipoe, la sivyo hupasuka.

Kwa la kushindiliwa, saruji pia hupungua, mara nyingi hadi nusu, hasa ikichanganywa na pozolana ya volkeno (majivu yanayoshika nafasi ya sehemu ya saruji). Lakini kwa bwawa dogo, gharama ya kuleta mitambo humeza akiba yote.

Shida kubwa ya zege la kushindiliwa ni maungio kati ya tabaka. Mvua ikinyesha au mtambo ukikwama, tabaka hukauka kabla ya linalofuata, na hapo ndipo maji yatakapopenya. Lazima uso ukwanguliwe, uoshwe kwa maji ya kasi na upakwe mota. Bila msimamizi mkali zamu ya usiku, msiichague njia hii.

Korongo jembamba lenye mwamba imara? Tao la kumwagwa huokoa zege jingi. Bonde pana na mradi mkubwa? Rola. Mwamba dhaifu? Fikirieni bwawa la mawe yaliyorundikwa lenye uso wa zege, kama Thwake nchini Kenya.