TAHADHARI: Usinunue barakoa za "jaribu kwanza" pale steji

Ndugu zangu mnaopanda matatu asubuhi hapa Nairobi, kuna mchuuzi wa barakoa ambaye lazima tumkwepe. Anazitembeza zile za samawati, za mtindo wa hospitali, zimetundikwa kwenye waya bila pakiti yoyote. Mteja akisitasita anaambiwa, "Jaribu uone kama inakutosha." Mtu anavaa, anaona masikio yanabanwa, anavua. Barakoa inarudi kwenye waya na anayefuata anauziwa kama mpya. Nimeona moja ikipita nyuso tatu kabla ya kupata mnunuzi. Mama mmoja alipomkemea, alijibu kwamba hajamlazimisha mtu.

Anajua tuna haraka. Wakati wa korona, kuanzia Aprili 2020 hadi Machi 2022, ukikamatwa hadharani bila barakoa ungeweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 au kufungwa hadi miezi sita, na makanga naye hakukupakia ukiwa uso mtupu. Basi watu walikuwa wakinunua chochote cha kuonyesha mlangoni.

Nilinunua moja nikaikata kwa mkasi. Barakoa ya hospitali huwa na matabaka matatu, na lile la katikati, jeupe, lenye nyuzi laini mno, ndilo linalochuja. Hii ilikuwa na mawili tu, na ukiinua juani unaona hadi upande wa pili. Matone ya maji niliyodondoshea upande wa nje, ambayo yangepaswa kubaki juu yakiviringika, yalipenya papo hapo. Hata ule waya wa kukazia puani haukuwemo.

Kinachoniudhi zaidi ni zile anazouza ghali, zenye kidude cha plastiki mbele, akisema ndizo za madaktari na unapumua bila shida. Kidude hicho ni vali. Ukivuta hewa inajifunga, ukipumua nje inafunguka, na pumzi yako inatoka bila kuchujwa. Fundi anayekwepa vumbi inamfaa. Ndani ya matatu, ukiwa na virusi vya korona bila dalili yoyote, jirani yako ndiye anayeumia. Sisi tunavaa kwa ajili yake, naye anavaa kwa ajili yetu. Huyu mchuuzi anatuibia ulinzi huo hasa.

Pia ana "N95 za watoto", yaani zile barakoa za kuchuja chembe ndogo sana hewani. Msidanganyike, wazazi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inayoidhinisha N95, haijaidhinisha yoyote ya watoto. Na N95 iliyoidhinishwa hufungwa kwa mikanda inayozunguka kichwa, si masikioni, na huandikwa NIOSH pamoja na namba inayoanza na TC.

Nunueni duka la dawa, pakiti ikiwa imefungwa. Bei ikiwashinda, fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona ya kitambaa. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri matabaka matatu: ndani pamba, nje kitambaa kisichonyonya maji, katikati la kuchujia. Ifueni kwa sabuni kila siku. Ifunike pua na kidevu, na tafadhali msiishushe mnapoongea, maana hapo ndipo mate yanaporuka. Na msiazimane barakoa, hata kama ni ndugu yako.

Ukimwona mchuuzi huyu, usigombane naye. Mwarifu afisa wa afya ya umma wa kaunti, umtajie steji na saa.