Gemu za vita: kabla ya kununua, uliza kama kampeni inafunguka bila intaneti

Nilinunua gemu ya vita kwa ajili ya kampeni peke yake, yaani ile hadithi unayoicheza mwenyewe. Kupambana na watu mtandaoni hakukuwa shida yangu. Nilitaka hadithi, nimfuate askari mmoja kuanzia misheni ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipokaribia mwisho intaneti ikakatika kwa dakika chache. Gemu ikanitoa katikati ya mapigano, ikanirudisha kwenye menyu na kunitaka nisubiri muunganisho urudi. Ndani ya misheni ile hakukuwa na mchezaji mwingine hata mmoja, ni mimi tu. Nilipomrudia muuzaji alinigeuzia boksi na kunionyesha mstari wa herufi ndogo chini kabisa: intaneti inahitajika. Alipokuwa ananiuzia hakuutaja.

Ndiyo maana mwongozo huu hauzungumzii picha wala bunduki. Gemu kubwa za vita zote zina picha nzuri, na bunduki zake huwezi kuzimaliza. Ninachopima ni kitu kimoja: ukizima intaneti, kampeni inafunguka? Na siku seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu mtandaoni, zikifungwa, unabaki na nini mkononi?

Seva zinafungwa kweli. Novemba 2024 kampuni ya EA ilizima seva za Battlefield 3 na Battlefield 4 kwenye PlayStation 3 na Xbox 360. Waliokuwa na diski walipoteza mapambano ya mtandaoni, lakini kampeni zao zikabaki, kwa sababu zimo ndani ya diski. Sasa fikiria gemu ambayo kampeni yenyewe inaitegemea seva. Siku ya kuzimwa huna hata hadithi.

Nafasi ya kwanza naipa Arma 3, na sifichi kwamba nawapenda Bohemia Interactive, walioitengeneza, kuliko watengenezaji wengine wote wa gemu za vita. Ilitoka 2013, kwa kompyuta tu. Kampeni yake, The East Wind, ililetwa kwa sehemu tatu bila malipo ya ziada kwa aliyekwisha kununua gemu, na inachezeka bila intaneti. Lakini kilichonishika hasa ni upande wa wachezaji wengi: unaweza kufungua seva yako mwenyewe, hata kwenye mtandao wa ndani ya nyumba, ukacheza na wenzako bila kuomba ruhusa ya kampuni. Programu ya seva inatolewa bure. Mhariri wa misheni umo ndani ya gemu, kwa hiyo hadithi ikiisha unatunga nyingine. Kisiwa cha Altis, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 270 hivi, kilitengenezwa kwa kufuata kisiwa cha Lemnos cha Ugiriki. Mwaka 2012 wafanyakazi wawili wa Bohemia walikamatwa huko Lemnos kwa tuhuma za ujasusi na wakakaa rumande miezi minne hivi kabla ya kuachiwa kwa dhamana. Ukitembea Altis kwa miguu, bonde baada ya bonde, unaona kazi ya watu waliolijali eneo lile.

Nikiri pia kwamba ni ngumu. Risasi moja inatosha kukuua, vitufe ni vingi mno, na saa tano za mwanzo utakuwa unajifunza tu kulala chini na kutambaa. Wengi huiacha hapo. Mimi nasema vumilia.

Ya pili ni Titanfall 2 ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na Respawn na kutolewa na EA. Titanfall ya kwanza, ya 2014, iliificha kampeni ndani ya mapambano ya mtandaoni, ukawa huwezi kuifuata hadithi peke yako. Kwenye ya pili walijirekebisha: Jack Cooper na roboti yake BT-7274 wana kampeni yao kamili ya saa sita hivi. Ni fupi, lakini misheni ya Effect and Cause, ambamo unaruka kati ya wakati uliopita na wa sasa kwa kitufe kimoja, sijaona ya kuishinda. Iliuzwa vibaya kwa sababu EA iliitoa wiki moja baada ya Battlefield 1, gemu yao wenyewe, na wiki moja kabla ya Call of Duty ya mwaka ule. Uamuzi ule unaniuma hadi leo.

Battlefield 1, nayo ya 2016, naiweka ya tatu. Inahusu Vita Kuu ya Kwanza, na utangulizi wake hauna huruma: kila ukifa, jina la askari na mwaka wake wa kuzaliwa vinatokea kwenye skrini, kisha unahamia kwa mwingine. Mtandaoni mnapigana hadi watu 64. Ila usichanganye na Battlefield 2042 ya mwaka 2021, ambayo haina kampeni kabisa.

Ya nne ni Call of Duty: Modern Warfare Remastered, hasa kwa misheni ya Pripyat, ukiwa mlenga shabaha aliyejificha kwenye majani. Angalia jina vizuri, maana Modern Warfare 2 Campaign Remastered ya 2020 ina kampeni tu, haina mapambano ya wachezaji wengi.

Za bure, kama Counter-Strike 2, hazina kampeni. Basi.

Mwisho kabisa ni Call of Duty za karibuni. Black Ops 6 ya 2024 inahitaji intaneti hata kwenye kampeni, kwa kuwa sehemu ya picha zake inavutwa kutoka kwenye seva wakati unacheza. Black Ops 7 ya 2025 ikazidisha: lazima uwe umeunganishwa muda wote, na ilipotoka, hata ukicheza peke yako hukuweza kuisimamisha ukaenda kufungua mlango. Na diski usiitegemee. Diski ya PlayStation 5 ya Modern Warfare II, ya 2022, ilikuwa na megabaiti 70 hivi tu. Gemu yenyewe unaipakua. Mnunuzi analipia boksi, plastiki na diski kwa bei ya gemu kamili, kisha anapewa ufunguo tu wa kuifungulia. Wauzaji wanalijua hili na wanaendelea kuzipanga rafuni kama kwamba kila kitu kimo ndani. Mstari ule wa intaneti ungepaswa kuwa mbele ya boksi, kwa herufi kubwa kama za jina la gemu.

Kama unanunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ikiwa hujacheza zaidi ya saa mbili. Zitumie saa hizo vizuri. Ifungue gemu mara moja ukiwa na intaneti, cheza misheni ya kwanza hadi ihifadhi ulipofika, kisha toka. Weka Steam katika hali ya nje ya mtandao, chomoa waya au zima kipanga njia (router), halafu jaribu kuendelea pale ulipoishia. Ikikataa, omba pesa yako siku hiyohiyo.