Meza ya fomika ya miaka ya 1950: miezi minane jikoni kwangu

Meza hii niliinunua hapa Cincinnati mwezi wa pili, kwenye nyumba ambayo watoto walikuwa wanauza vyombo vya marehemu mama yao. Dola 220, meza na viti vinne. Mume wangu alipoiona akacheka: "Mama Nuru, umetoka Tanga mpaka Marekani kununua meza ya mgahawani?" Hajakosea sana. Juu ni fomika ya kijivu yenye michirizi kama barafu iliyopasuka, ukingo wa alumini wenye mistari, miguu ya bomba la kromu, viti vyekundu vya ngozi bandia. Majiko mengi ya Marekani yalikuwa hivyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, chuma na kromu viliporudi kwenye viwanda vya samani.

Meza yenyewe haina mjadala. Kampuni ya Fomika ilianzia mji huuhuu mwaka 1913, wala si kwa ajili ya jikoni: fomika ilikuwa ya kukinga umeme badala ya madini ya mika, ndipo likatoka jina (kwa Kiingereza "for mica"). Mimi nasukuma chapati juu yake moja kwa moja, bila kibao, nikimaliza napitisha kitambaa. Siku bizari ilipomwagika nilishtuka, ila magadi kidogo na maji vikaitoa. Sufuria ya moto sithubutu. Kuna mtu aliwahi kuiweka kabla yangu, na duara lake la kahawia lipo mpaka leo.

Kile kipande cha kuongezea katikati ndicho kilichoniteka. Kilifichwa kabatini miaka yote, hakikuona jua. Ukikipachika, kijivu chake kimekolea, pande zote mbili zimepauka, na unaona kabisa meza ilikuwaje siku ilipoingia ile nyumba.

Sasa viti. Ndivyo vilivyonimaliza. Mwezi wa saba, joto la huku likiwa kali, ukikaa na kaptula, ukiinuka ngozi ya paja inataka kubaki. Kimoja kilikuwa kinayumba. Nilipokipindua nikakuta skrubu zote nne zinacheza, ubao wa chini umelika. Fundi wa makochi alinitoza dola 75 kwa kila kiti kuvisha upya, akaweka ngozi nyembamba bila kurudisha ule ukanda wa pembeni. Haikupita miezi mitatu, kona moja ikachanika. Kwa hiyo jumla ni dola 520, na kiti kimoja kina plasta. Kutu ya miguu niliisugua mwenyewe kwa foili iliyolowa maji. Madoa yalitoka, vishimo vimebaki.

Ukiona seti kama hii, pindua viti kwanza, tena vyote, hata kama muuzaji anakukodolea macho. Mimi bado natafuta vile viatu vya mpira vya miguuni vya saizi yake. Kwa sasa viti vimevaa soksi za Nuru.