Taa ya sola Magomeni, Mtwara: nimeikaangia vitumbua miezi minane

Nakaanga vitumbua hapa Magomeni, Mtwara mjini. Saa tisa na nusu usiku niko jikoni uani. Taa hii nilifungiwa mwezi wa saba mwaka jana na biashara ya kijamii ya taa za sola iliyoanzishwa mtaani kwetu na vijana wa kujitolea. Upepo wa kusi umeikuta, jua kali limeikuta, na mvua hizi za sasa nazo zimeikuta.

Mtu ataniuliza, mjini si kuna umeme? Upo. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, umeme wake unazalishwa hapa hapa kwetu, na nyaya zinapita juu ya bati langu. Lakini nyumba ninayopanga ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tunachanga, na umeme ukikatika kabla ya mwisho wa mwezi anayelaumiwa ni anayeamka mapema kuliko wote, yaani mimi. Mwisho mwenye nyumba alitoa balbu ya uani. Wapangaji wengi wa uswahilini wanalijua jambo hili.

Nikarudi kwenye kibatari. Mafuta ya taa yalianza kunichoma mfukoni tangu 2011, serikali ilipopandisha kodi yake ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, yaani kuichanganya na mafuta ya taa. Nilikuwa natumia mafuta ya shilingi 700 kwa siku. Kusi ikivuma kinazimika, masizi yanadondokea kwenye unga wa mchele niliousaga jana yake, na kwa mwanga ule mwekundu huwezi kutofautisha kitumbua kilichoiva na kilichoungua mpaka ukionje.

Vijana walikuja watatu: mmoja wa Lindi, mmoja mwanafunzi wa hapa mjini, na binti wa kigeni aliyekuwa bado anajifunza Kiswahili. Shikamoo mama, marahaba wanangu, nikawatandikia mkeka. Walianza kunieleza wati. Nikawaambia njooni saa kumi alfajiri mnione ninavyofanya kazi. Na kweli walikuja! Yule binti alishika tochi ya simu juu ya kikaango mpaka nikamaliza ndoo ya kwanza. Tangu siku hiyo niliwaamini.

Nilichopewa ni paneli ya wati 10, betri, balbu tatu na sehemu ya kuchajia simu. Kianzio 12,000, kisha 600 kwa siku kwa siku 180, jumla 120,000, na baada ya hapo taa ni yangu. Nimeshamaliza. Mwanga wake ni mweupe na umetulia, naona ukingo wa kitumbua unavyogeuka rangi. Binti yangu wa darasa la saba anasomea balbu ya chumbani na hakohoi tena kwa moshi.

Kwenye kufunga walikuwa makini. Siku ya kwanza waliiweka paneli upande wa mwembe wa jirani, na kesho yake yule wa Lindi akarudi mwenyewe: "Mama, mwembe huu unakuibia jua la mchana." Wakaihamishia bati la mbele na kuielekeza kaskazini kwa mwinuko mdogo, kwa sababu sisi tuko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, na mwinuko huo husaidia mvua kuosha vumbi. Wakaifunga kwa nondo na boliti kwa ajili ya wezi.

Sasa yaliyoniumiza. Taa inajifunga malipo yakichelewa. Mwezi wa kumi na mbili nililipa kwa simu, mtandao ukasumbua, namba ya kufungulia haikuja, na saa kumi alfajiri taa ikazima nikiwa na mafuta ya moto jikoni. Hilo ni jambo la hatari, na niliwaambia hivyo mbele ya watu kwenye kikao cha mtaa. Walikubali, na tangu hapo mteja anapewa siku tatu kabla ya kufungiwa. Lakini nimeomba pia malipo ya msimu, maana majirani zangu kadhaa wanaishi kwa kibarua cha korosho Newala na Tandahimba, na hela yao huja kuanzia mwezi wa kumi, minada ikishafanyika. Mwezi wa sita huwezi kumdai mtu huyo 600 kila siku. Hapo bado hawajanisikiliza.

Kingine, wanaojitolea hukaa miezi mitatu wakaondoka, na kila kundi jipya linakuja kuniuliza upya nina watoto wangapi. Andikeni mahali, wanangu, mrithishane.

Walichofanya vizuri kuliko yote ni kumfundisha ufundi dada mmoja wa mtaa wetu. Mwezi wa kwanza mwaka huu taa ilianza kufifia nikadhani betri imekufa. Akaja na kipimo chake, akagundua plagi ya paneli imeota kutu kwa chumvi ya bahari. Aliisugua kwa msasa, akabadilisha kichwa kwa shilingi 1,000, akazungushia tepu. Akaniambia pia kwamba siku za mawingu nipunguze mwanga jioni na nisichaji simu za majirani, ili alfajiri nibakiwe na chaji. Nilimsikiliza, na wiki ile ya mvua mfululizo taa ilifika mpaka saa kumi na mbili.

Kwa hiyo ukitaka kununua, waulize kwanza fundi wa mtaa wako ni nani na anakaa nyumba ipi. Wa kwetu anakaa nyumba ya tatu kutoka bombani, na mchana utamkuta kibarazani na taa za watu amezipanga mezani, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta.