Kerbal Space Program na mwinamo wa obiti

Toleo kamili la Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kuunda na kurusha roketi, lilitoka mwaka 2015, na kwangu thamani yake kubwa imo katika jambo moja ambalo michoro ya vitabuni haikuwahi kunifikishia: mwinamo wa obiti, yaani pembe kati ya bapa la obiti (uso tambarare ambamo njia ya kuzunguka sayari imelala) na bapa la ikweta. Kituo cha kurushia roketi kiko karibu kabisa na ikweta ya Kerbin, sayari ya nyumbani ndani ya mchezo, kwa hiyo chombo kikielekezwa mashariki huzunguka kwa mwinamo wa karibu nyuzi 0, na safari ya kwenda Mun, mwezi wa Kerbin ambao nao hauna mwinamo, huwa nyepesi.

Minmus, mwezi wa pili wa Kerbin, wenye mwinamo wa nyuzi 6, ndio mwalimu hasa. Ramani huonyesha sehemu mbili ambapo obiti yako hukatana na bapa la obiti ya mwezi huo, na ni hapo ndipo injini inapaswa kuwashwa, pua ya chombo ikielekea pembeni mwa njia yake, ili mabapa yalingane. Nilipojaribu kugeuza obiti ya chini kwa nyuzi 60, mafuta yaliisha kabla sijafika nusu, kwa sababu mgeuko huo hudai badiliko la kasi lililo sawa na kasi nzima ya chombo. Mgeuko huohuo ukifanywa juu sana, ambako mwendo ni wa polepole, gharama yake hupungua mno. Ugunduzi huo ulinifurahisha kuliko kutua kokote. Anayeanza ningemshauri aende Minmus mapema, hata kabla hajaizoea Mun.