Antena ya televisheni: ya kununua kwanza na ya kuiacha dukani

Ile antena bapa niliyoinunua mjini ilikuja ndani ya boksi lililokuwa zuri kuliko antena yenyewe. Juu wameandika 4K, wamechora familia inayocheka mbele ya skrini, na chini kwa herufi nene: maili 1000. Nikalipa shilingi 2,500, nikaibandika ukutani nyuma ya televisheni kama maelezo yalivyosema. Nyumba yetu ya Kisauni, Mombasa, ina kuta za mawe ya matumbawe na mabati juu. Usiku ule kulikuwa na mechi. Dakika ya kumi mshambuliaji akaganda, mguu uko hewani, uso umekatika vipande vya mraba. Sauti ikawa ya mtu anayeongea huku anameza maji, kisha skrini ikawa nyeusi. Mama akaitazama ile karatasi ya plastiki ukutani, akanitazama na mimi. "Na hii ndiyo ya elfu mbili na mia tano?"

Kesho yake mjomba akaja na pau ya mkoko begani na antena kuukuu ya nje, aliyoing'oa kwenye nyumba aliyohama. Ilikuwa imepoteza vijiti viwili. Akaifunga juu ya pau, akaikaza pau kwa waya kwenye nguzo ya baraza, akaanza kuizungusha polepole huku mimi napiga kelele dirishani: "Bado! Bado! Umepita, rudi kidogo! Hapo hapo, mjomba, usiguse!" Stesheni zikaingia zote, hata ambazo hatukujua zipo.

Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: hela yako inaipeleka antena juu na nje, au inalipia maandishi ya boksi?

Kabla hujatoa pesa

Kwanza geuza televisheni usome karatasi ya nyuma. Kenya ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na matangazo ya sasa yanakuja kwa mfumo wa DVB-T2. Televisheni nyingi za huku Pwani zimeletwa na jamaa kutoka Dubai au Saudia, na baadhi yake zina kipokezi cha analojia tu au cha DVB-T ya zamani. Hiyo hata ukiitundikia antena juu ya mnara wa msikiti haitaonyesha kitu. Inataka king'amuzi cha stesheni za bure, cha DVB-T2, ndipo tuzungumze habari za antena.

Pili, tembea mtaani ukitazama mapaa. Antena za majirani zinatazama wapi? Za mtaa wetu karibu zote zimeelekea vilimani, upande wa Mazeras, kwenye mnara wa matangazo. Angalia pia kama vijiti vyake vimelala au vimesimama, kwa sababu antena iliyolazwa haipati vizuri mawimbi yaliyorushwa yakiwa wima, na kinyume chake. Huo ni utafiti wa bure ambao jirani ameshaugharamia.

Tatu, tafuta kwenye menyu ya televisheni au king'amuzi ukurasa wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Ushughulikie wa ubora. Zamani picha mbaya ilijionyesha yenyewe: chenga zinaongezeka kidogo kidogo, unajua unasogea pabaya. Dijitali haikupi onyo hilo. Picha ni safi kabisa mpaka ubora ushuke chini ya kiwango fulani, hapo inakatika ghafla. Unaweza kukaa wiki nzima pembezoni mwa kiwango hicho bila kujua, mpaka mvua ya kwanza ya masika.

1. Antena ya nje ya UHF (masafa ya televisheni za leo) isiyo na busta, yaani kikuza mawimbi, juu ya mlingoti, kwa kebo ya RG-6

Hii ndiyo ya kununua, na kwa watu wengi wa mjini habari inaishia hapa. Dukani utaona maumbo mawili. La kwanza lina fimbo ndefu yenye vijiti vifupi mbele na kama wavu au mabawa nyuma. Umbo hilo lilibuniwa Japani miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, kisha dunia ikalikumbuka jina la Yagi peke yake. La pili ni kama mfupa wa samaki, vijiti virefu nyuma, vinapungua kuelekea mbele. Yote mawili ni mazuri. La Yagi huvuta zaidi upande mmoja, la mfupa wa samaki husamehe makosa ya kuelekeza. Kwenye yote mawili ncha yenye vijiti vifupi ndiyo inayotazama mnara. Nimeziona nyingi zimefungwa kinyume, na mwenye nyumba analalamikia serikali.

Usivutiwe na antena yenye vijiti virefu vya mita nzima. Hivyo ni vya masafa ya VHF ya enzi za analojia. Televisheni yetu ya leo iko UHF, ambako wimbi zima lina urefu wa nusu mita hivi, kwa hiyo vijiti vya kazi ni vya sentimita 20 na kitu. Vile virefu vitakusanya upepo na kunguru tu. Wa Mombasa wananielewa: kunguru watatu wakikaa kwenye kijiti cha alumini nyembamba, kesho yake kimepinda.

Chagua alumini nene na skrubu zisizoshika kutu. Sisi wa karibu na bahari chumvi inakula kila kitu, na kinachokufa kwanza si vijiti, ni kile kisanduku kidogo cha plastiki ambamo kebo inaunganishwa. Kifungue dukani. Kama ndani mna viskrubu vya chuma cha kawaida na hamna mpira wa kuzuia maji, rudisha. Ukishafunga, zungusha tepu ya mpira kwenye kiungo. Wengi wetu hutumia vipande vya tyubu ya baiskeli, na vinafanya kazi. Kebo iache ining'inie kidogo chini ya tundu la dirisha kabla haijaingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee nje badala ya kufuata kebo mpaka sebuleni.

Mlingoti wa paipu ya chuma ndio bora, pau ya mkoko inatosha ukiibadilisha kila baada ya miaka michache. Ufunge kwa pande tatu. Kusi ikianza kuvuma, antena iliyofungwa kwa waya mmoja huzunguka yenyewe, na asubuhi utadhani stesheni zimefungiwa. Na jamani, mlingoti usiwe karibu na waya za stima, hata kama ndipo picha inapokuwa nzuri zaidi. Wenye paipu ya chuma waishushie waya nene hadi ardhini kwa ajili ya radi.

Sasa kebo, ambayo watu hubania senti wakiwa wameshalipia antena nzuri. Hata RG-6 nzuri hupoteza karibu nusu ya nguvu kila mita 15 hivi kwenye masafa ya UHF. RG-59 nyembamba hupoteza mapema zaidi, na ile kebo nyeupe isiyo na jina hata usiulize. Ikate ncha utazame: chini ya ganda kuwe na karatasi ya alumini, na juu yake wavu uliosukwa ukashikana, si nyuzi kumi na mbili zilizotawanyika kama nywele za kidevuni. Fundi atakuambia uipime kwa sumaku, ikishika ujue ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Ni kweli, lakini kwa mawimbi haya si kosa kubwa, kwa kuwa hupita juu juu kwenye ngozi ya waya, palipo na shaba. Ubaya wake ni huku kwetu: hewa ya chumvi ikiingia pale ulipokata, chuma kinaoza. Kama duka lina yenye shaba tupu na tofauti ya bei unaimudu, chukua. Pima urefu nyumbani kwanza. Mita 20 zilizobaki zimekunjwa nyuma ya kabati ni picha uliyoitupa.

2. Hiyo hiyo, na busta ya juu ya mlingoti

Ni ya walio mbali au waliofichwa na kilima, au nyumba yenye kebo ndefu na televisheni tatu. Busta huongeza kila inachopewa, makelele kwa mawimbi. Ndiyo maana mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla kebo haijanyonya. Ukiiweka nyuma ya televisheni inakuza kilichokwisha kuharibika. Hapo ndipo mistari ile miwili inapokusaidia: ukiwasha busta, nguvu ikapanda na ubora ukabaki pale pale, hela imepotea.

Aliye karibu na mnara asiiguse kabisa. Mawimbi yenye nguvu huielemea busta, na stesheni zilizokuwa zikionekana zinatoweka. Halafu kuna minara ya simu: baadhi ya 4G inatumia masafa ya 800 MHz, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, na busta ya kale huyabeba yote pamoja. Kumbuka pia busta inataka umeme, ama kwa adapta yake au kutoka kwenye king'amuzi kupitia kebo ile ile. Ikikosa umeme huwa kama kizibo. Nusu ya antena "zilizokufa" mtaani kwetu zina busta ambayo mtoto ameing'oa adapta achaji simu.

Televisheni mbili kwa splita bila busta? Inawezekana kama ubora wako ni mkubwa, kwani kila upande utapata chini kidogo ya nusu.

3. Antena ndogo ya nje, ukaiweka ndani ya dari au dirishani

Kwa wapangaji ambao mwenye nyumba hataki mlingoti. Paa la makuti linapitisha mawimbi vizuri, na aliyejaliwa paa hilo aifunge antena chini ya kenchi wala asihangaike. Makuti mabichi ya mvua hupunguza kidogo. Chini ya mabati sahau, bati ni ukuta wa chuma. Itoe dirishani, upande wa mnara.

4. Ya mezani yenye mikono miwili

Hugharimu mia chache. Ukiwa ghorofani na dirisha linatazama mnara, inatosha kabisa, na usione haya. Kosa la kila mtu ni kuivuta mikono mpaka mwisho. Kwa UHF kila mkono uwe kama sentimita 12 tu, ulale kwenye mstari mmoja na mwenzake. Mfuniko wa sufuria ambao watu huweka nyuma yake? Si ushirikina. Unarudisha mawimbi mbele, na wakati mwingine unasaidia kweli. Ila akisogea mtu chumbani, mambo yamebadilika.

5. Bapa ya ukutani, na ile inayozunguka kwa rimoti

Bapa ni mkono wa mezani uliochapishwa kwenye plastiki, basi. Hakuna antena ya "4K" wala ya "dijitali". Chuma hakijui kilichobebwa na wimbi. Na hizo maili 1000 zinakanushwa na mviringo wa dunia. Chukua mnara ulioinuka mita 300 juu ya nchi inayouzunguka, nawe antena yako iko mita 9 kutoka chini: ardhi yenyewe inakata mstari kati yenu kwenye kilomita 84 hivi. Kupita hapo ni bahati ya hali ya hewa.

Inayozunguka kwa rimoti inapendeza siku ya kwanza. Mota yake ni ya kuchezea, imefungiwa plastiki, inakaa kwenye hewa ya chumvi. Ikigoma, hugoma ikiwa imeupa mnara mgongo. Wewe mwenyewe una mnara upande mmoja tu, unazungusha nini?

Kuhusu redio

Redio haikutaki ununue sana. FM iko kati ya 87.5 na 108 MHz, wimbi lake ni mita 3 hivi. Chukua kebo, unganisha kipande cha waya cha sentimita 75 kwenye shaba ya katikati na kingine cha 75 kwenye wavu, vitandaze upande huu na huu kwenye fimbo, itundike nje: una antena nzuri ya FM kwa redio yoyote yenye tundu. Redio ndogo yenye fimbo ya kuvuta, isogeze dirishani.

Masafa ya kati ni habari nyingine. Antena yake imo ndani, kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, na ile fimbo ya nje haihusiki. Izungushe redio nzima mezani mpaka sauti iwe kubwa na safi. Masafa mafupi, kama unaitafuta ZBC ya Zanzibar iliyozoeleka kwenye 11735 kHz, chukua mita 10 za waya wa kawaida, ubane kwenye fimbo kwa kibanio, upitishe dirishani mpaka kwenye mnazi. Usiende mita 40, redio ya bei nafuu italemewa.

Na ikinguruma, anza kwa kuzima taa na kuchomoa chaja za simu, moja moja. Kwetu mngurumo ulitoka kwenye balbu ya LED ya jikoni. Tulikuwa tumeshanunua waya.